Neno Lililobaki Lilikuwa Ndege

Sifa zote ni zake Mungu aliyeuumba ulimi na anayesikia hata ulimi unapokaa kimya. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa mkono wa kushoto ulioshika kalamu hii, na kwa mkono wa kulia ambao sasa unaweza kukandamiza karatasi isipeperuke. Zamani nisingeshukuru kwa mkono wa kukandamizia karatasi.

Nawaandikia ninyi mliopigwa na kiharusi, na zaidi ninyi mnaowauguza, kwa sababu najua mnavyotutazama machoni mkijiuliza kama bado tumo ndani. Mimi si daktari, na mambo ya mishipa ya kichwa siyajui. Nilikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu huku juu Nkoaranga hadi nilipostaafu, na kazi yangu yote ilikuwa ya kinywa: kufundisha watoto wa kipaimara, kuombea wagonjwa, kusema neno la faraja makaburini. Mungu alinipa sauti, nami niliitumia mpaka ikawa kama kiungo cha mwili nisichokikumbuka.

Mambo yalianza na boksi. Binti yangu Aneth alikuwa anauza mitumba mjini Arusha. Ilikuwa miaka ile marobota yalipoanza kufunguliwa kila kona, na sisi tuliozoea kupanga foleni kwa ajili ya sabuni tulikuwa bado hatujazoea kuona vitu vimelundikana chini hivi, mtu anachagua na kuacha. Siku moja alikuja nyumbani na boksi la karatasi lililopondeka, lililotoka katikati ya robota la nguo za watoto. Juu lilichorwa ndege ya vita yenye injini mbili, inatoa moshi. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye vijiti vyake kama buni kwenye tawi.

"Baba, hiki nilitaka kukitupa," alisema. "Ni cha watoto, lakini watoto gani wataunga vitu vidogo hivi?"

"Ni ndege," nikamwambia. "Unaunga mwenyewe. Acha hapa."

"Mwinjilisti na ndege ya mabomu," alisema mama yake kutoka jikoni. "Kustaafu nako kuna mambo."

Vipande vingi vilikuwa vimepotea, na karatasi ya maelekezo ilikuwa ya lugha nisiyoijua. Hilo halikunisumbua, kwa sababu sikutaka ndege ya vita. Nilipokuwa kijana niliwahi kuona ndege ndogo, mabawa yake yako juu ya paa lake, ikitua kwenye majani kule Momela kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Nilishika ncha moja ya machela. Mama yule alirudi na mtoto, na mimi nikabaki na ile ndege moyoni. Basi nilitaka kuigeuza hii ya mabomu iwe ile. Nabii alisema watu watafua panga ziwe majembe, na mimi nilikuwa na wembe, msasa na muda.

Nilizikata injini mbili. Mashimo yake niliyaziba kwa mabaki ya plastiki niliyoyayeyusha kwenye thina ya rangi mpaka yakawa uji. Mabawa yalikuwa chini ya tumbo, nikayahamishia juu, na miguu ya magurudumu niliitengeneza kwa spoki ya baiskeli. Nilifanya kazi barazani mchana, baada ya kutoka kwenye shamba la kahawa, na kwa kweli nilikuwa na furaha ya kitoto.

Masika yalikuwa katikati. Jumamosi moja mvua ilikatika, jua likatoka, na bawa la pili likakubali kukaa. Nikaita, "Mama Aneth, njoo uone ndege."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosema kama mtu mzima wa mdomo.

Sikusikia maumivu. Wembe ulidondoka. Nikautazama mkono wangu umelala mezani, na nikashangaa ni mkono wa nani, kama mgeni aliyekaa karibu nami ameusahau pale. Nikajiambia niokote wembe. Mkono haukuja. Nikataka kusema, "Nishike." Niliyasikia masikio yangu mwenyewe yakipokea neno lingine.

"Ndege."

"Nakuja kuiona, ngoja nifute mikono," alijibu mke wangu kutoka ndani.

"Ndege," nikasema. Nilikuwa namwambia naanguka.

"Baba Aneth, si nimesema nakuja? Imekuwa ndege ya rais?" Akatoka anacheka, na kitambaa mkononi. Kicheko kilikufa usoni pake. Baadaye aliniambia kwamba upande mmoja wa uso wangu ulikuwa umeshuka kama nguo iliyotoka kwenye kibanio.

Jirani mwenye pikapu alinipeleka hospitali. Mlangoni nesi aliniinamia na kuniuliza jina langu. Nililijua. Nililiona mbele yangu kama lilivyoandikwa kwenye Biblia yangu. Nikalitamka kwa makini, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, na likatoka, "Ndege." Nesi akamtazama mke wangu. Nikajaribu tena. Ndege. Nikataka maji, ndege. Nikataka kumwambia mke wangu asilie, nikamwambia ndege.

Wenzangu mliopatwa na hili, sijui mlibakiwa na neno gani. Nimesikia ya mama aliyebakiwa na "Jumatatu", na ya mzee wa Themi aliyebakiwa na tusi, maskini, mbele ya wakwe zake. Nataka familia zenu zijue: ndani maneno yote yapo. Mlango ndio umeharibika, na mtu mmoja tu ndiye anayeachiwa kutoka, yule yule, kila mara.

Jioni ile nikiwa nimelazwa nilifumba macho nisali Sala ya Bwana. Nilitaka kuisema kwa sauti, kwa sababu nimeisema kwa sauti tangu utoto. Ikatoka ndege, ndege, ndege, mpaka mwisho, kwa mwendo wake ule ule wa sala. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani. Nilikuwa nimewahi kuogopa kifo, lakini sikuwahi kuogopa kwamba ningeweza kusimama mbele za Mungu nikamwita ndege. Nilinyamaza, na nikakaa kimya hivyo siku nyingi, watu wakidhani nimezidiwa.

Baada ya sindano za mwanzo na siku za kulala niliruhusiwa kwenda nyumbani, ila kila wiki nirudi kwa mazoezi ya viungo. Hapo ndipo nilipojifunza benchi. Benchi la kusubiria mazoezi lilikuwa la mbao, limelainika kwa makalio ya wagonjwa, na sisi tuliokaa pale tulikuwa kama vyombo vilivyopasuka vikapangwa rafu moja. Mate yalinitoka upande wa kulia bila mimi kujua. Mke wangu aliyafuta kwa kitambaa akiendelea kuongea na mwenzake, bila hata kunitazama, kama anayefuta meza, na ule usahaulifu wake ulikuwa huruma kubwa kuliko kama angenionea huruma. Alinifunga vifungo. Alininyoa. Alinikatia ndizi vipande vidogo kama vya mtoto, na nilipoisukuma sahani kwa hasira aliirudisha.

Aliyetufanyisha mazoezi aliitwa Felista, binti wa Kibosho, Mkatoliki, mwenye mikono kama ya mtu anayekanda unga.

"Shikamoo mzee," alisema siku ya kwanza.

"Ndege."

"Marahaba imekuwa ndege? Haya. Umeamkaje?"

"Ndege."

"Na mimi nimeamka ndege, ila mgongo unauma." Akaushika mkono wangu wa kulia akaukunjua kidole kimoja kimoja. "Tukiruka leo tutatua wapi? Dar? Mwanza? Bonyeza hapa. Bonyeza, mzee, rubani halali."

Nilicheka. Mate yakanitoka, nikacheka tena. Lilikuwa cheko langu la kwanza tangu masika.

Nyumbani hakukuwa na cheko. Mdogo wangu Ndewirwa alikuja Jumapili moja baada ya ibada, akakaa barazani, kofia gotini. Ilikuwa imepangwa kwamba Aneth aolewe mwisho wa mwaka, kahawa ikishachumwa, na kijana wa Kichaga anayetengeneza magari mjini. Na kwetu binti hatoki kwa baba yake mpaka baba amemtamkia baraka mlangoni kwa kinywa chake. Kama baba amekufa, mdogo wake husema. Kama baba yu hai na mwingine akasema, ni kama wamemzika.

"Shemeji," Ndewirwa alimwambia mke wangu, "mimi sitaki kusema mahali pa kaka. Lakini tutafanyaje? Tumpeleke binti wa watu mbele ya wakwe, baba yake amwambie ndege?"

"Mwezi wa kumi na mbili ni mbali," alisema mke wangu.

"Na kile kitu mezani bado mnacho?"

"Kitu gani?"

"Kile. Alikuwa anakishika alipoanguka. Na sasa anasema jina lake tu. Hamsikii? Kimemfunga ulimi. Kimetoka kwenye nguo za maiti za Ulaya, nani anajua kilikuwa cha nani."

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kukosea. Ndege ni yule wa mtini, ndege ni ile ya angani, na watu wakisema "ndege mbaya" wanasema mkosi. Mtoto akishikwa na degedege, mabibi hutafuta juu ya paa ni ndege gani amepita. Kwa hiyo mimi nilipolala pale nikisema ndege, ndege, kila mzee aliyekuja kuniona alitazama juu. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikiwasikia, na jibu lote lilikuwa kichwani: kwamba ni neno tu, kwamba ndilo lililokuwa mdomoni mlango ulipofungwa. Nikafungua kinywa kumjibu mdogo wangu.

"Ndege," nikasema.

"Unaona?" alisema Ndewirwa.

Mke wangu ni mwanamke wa imani. Amesali na mimi maisha yote. Lakini hofu haiulizi mtu amebatizwa lini. Kipupwe kilikuwa kimeanza, ukungu umeshuka mpaka migombani, na kesho yake asubuhi, nikiwa nimekaa karibu na jiko nikiota moto, aliingia ameibeba ndege yangu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba nyoka aliyekufa. Hakunitazama. Akaitupa kwenye mafiga.

Plastiki haiungui kama kuni. Bawa la kushoto lilijikunja, likalia, likaanza kudondoka matone ya moto meusi. Nikanyoosha mkono wangu mzima nikapiga kelele:

"Ndege! Ndege!"

Akageuka. Tukatazamana juu ya ule moshi mchungu. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, neno na kitu vilikuwa mahali pamoja. Nilikuwa nimesema ninachotaka kusema. Naye alikuwa ameelewa.

"Umo," alisema, kwa sauti ndogo. "Baba Aneth, umo ndani."

Hakutafuta koleo. Aliichomoa ndege kwa vidole, akaiangusha sakafuni, akaimwagia maji ya kuoshea ndizi. Kisha akakaa chini kando yake, vidole mdomoni, akalia kilio ambacho hakulia hospitalini. Nilimpapasa kichwa kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake viliota malengelenge, na wiki ile tulifungana vifungo kwa zamu, mimi kwa mkono mmoja, yeye kwa viganja.

Felista alipoviona alitaka kujua vimepatwa na nini, na mke wangu akamweleza yote, bila kuficha. Felista hakumcheka. Alisema, "Ileteni."

Tukaileta kwenye kikapu. Akaigeuza geuza. Bawa moja hakuna, mkia umepinda, tumbo limeliwa upande.

"Mzee, mimi nimekuwa nikikupa mpira wa kubonyeza, na wewe unauchukia, nakuona. Kuanzia leo mazoezi yako ni haya. Mkono wa kulia unashikilia, wa kushoto unafanya kazi. Ukiangusha, unaokota mwenyewe. Mama, usimwokotee."

Nikaanza upya. Sikuwa na plastiki ya bawa, nikachonga la mti wa mringaringa, kisha nikalitoa na lile la kulia nikachonga jozi, ili ndege isiruke kwa bawa la mti na bawa la plastiki. Kazi ambayo zamani ingekuwa ya alasiri moja ilichukua kipupwe kizima. Niliangusha. Niliokota. Kuna siku niliitukana moyoni, na Mungu ananisamehe. Lakini kidole gumba cha kulia kilianza kujua kwamba kuna kitu chini yake, kwanza kama mtu anayesikia hodi kutoka mbali, halafu karibu zaidi.

Kulikosekana vioo vya madirisha. Nilikuwa na picha ya kifua niliyopigwa siku ya kulazwa, ile nyeusi inayoonyesha mbavu. Mke wangu aliilaza kwenye beseni lenye dawa ya kung'arishia nguo, ule weusi ukatoka wote, mbavu zangu zikayeyuka mbele ya macho yangu, ikabaki karatasi safi kama maji. Nikakata madirisha kwenye kifua changu mwenyewe. Ukitazama kwa ndani utaona ule uwazi una rangi ya samawati kidogo.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kipupwe, kwenye lile benchi la mbao, nilipopata mshtuko mwingine. Hospitali ile huanza siku kwa sala. Wagonjwa, wauguzi, wafagiaji, wote husimama na kuimba. Mimi nilikuwa nikisimama kimya. Asubuhi ile walianza wimbo ambao mama yangu alikuwa akiuimba akichambua maharage, na kabla sijajizuia kinywa changu kilifunguka.

Ubeti mzima ulitoka. Maneno yote, kila moja mahali pake, sauti yangu mwenyewe, nzito, na mikwaruzo yake ya zamani. Mke wangu aliacha kuimba. Mgonjwa aliyekuwa mbele yetu aligeuka. Nikaendelea kwa sababu niliogopa nikinyamaza haitarudi. Ubeti wa pili, wa tatu. Wimbo ulipoisha nilimgeukia mke wangu, machozi yananitoka, nikataka kumwambia, umesikia?

"Ndege," nikasema.

Felista alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. "Nimewahi kuambiwa hutokea," alisema. "Sijawahi kuona. Mzee, imba. Imba mpaka majirani wahame."

Niliimba. Nyimbo zilikuwa nyumba ambayo kiharusi hakikuiona. Na kupitia humo maneno machache yalianza kutoroka: "maji" kwanza, halafu "hapana", halafu siku moja "Aneth", na yeye hakuwepo kusikia. Lakini baraka ya mlangoni haikutoka. Tuliifanyia mazoezi, mke wangu na mimi, sentensi fupi tu ya kumkabidhi kwa Mungu. Siku nyingine nusu yake ilitoka. Nyingi ilitoka ndege.

"Basi aimbe," mke wangu alimwambia Ndewirwa.

"Baraka ni ya kutamkwa, shemeji. Si kwaya."

Siku ya harusi ilifika. Wakwe walisimama uani, suti zao na kofia zao, mvua za vuli zimeosha Meru mpaka kilele kinaonekana. Aneth akatoka ndani na shela yake, akapiga magoti mlangoni mbele ya kiti changu. Niliinuka kwa fimbo. Niliweka mkono wa kulia kichwani kwake, ule ule, na ulikaa. Nilisikia joto la nywele zake chini ya kitambaa.

Nikafungua kinywa.

"Ndege."

Mtu mmoja upande wa wageni alicheka, akajikohoza. Nikajaribu tena. Ndege. Nilimwona Ndewirwa akivua kofia na kuanza kusogea mbele, uso wake una huzuni ya kweli. Nikajua kwamba hatua zile zikifika, mimi nimezikwa.

Nyuma yangu mke wangu akaanza kutoa sauti. Haikuwa na maneno. Ilikuwa ile sauti ya mchungaji anapoimba baraka ya Haruni mwisho wa ibada, ile tuliyoisikia kila Jumapili ya maisha yetu tukiwa tumeinamisha vichwa. Aliishika sauti ile na kuningojea, kama mtu anayeshikilia mlango kwa mgongo.

Nikaingia. Bwana akubariki na kukulinda. Ikatoka. Ikaja yote, uso wake, nuru yake, mpaka kwenye amani, na kwenye amani sauti yangu ilikatika lakini neno lilifika. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba nilipomaliza, wa kwanza kusema amina alikuwa Ndewirwa, amesimama pale alipokuwa amefika, kofia kifuani. Hakusogea tena.

Aneth aliinuka akanikumbatia. Akaweka mdomo kwenye sikio langu.

"Ndege, baba," alinong'ona.

"Ndege," nikamjibu. Na alijua nimesema nini.

Siku hizi nasema mengi. Nikichoka, maji bado yanakuwa ndege, na mke wangu ananiletea maji. Ndege yenyewe imeegeshwa juu ya redio mjini kwa Aneth, mabawa yake juu ya paa, upande mmoja mweusi ambao sikuupaka rangi. Mara nyingine naamka asubuhi na kabla sijasali najaribu neno moja polepole, nione kama mlango uko wazi.

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi, au ukiwa umeshika kitambaa cha kumfutia mwenzako mate: Mungu akae nawe katika kungoja kwako. Akulindie neno lako moja, hata kama si ulilolitaka, na ampe mtu wako masikio ya kulielewa. Na siku utakapofungua kinywa kisitoke kitu, akuwekee nyuma yako mtu wa kukushikia sauti mpaka uingie. Amina.